Dozi ya saa nne usiku, safari ya saa tisa

Msomaji mmoja wa Kibaigwa ameniandikia. Nimeifupisha barua yake kidogo na kuondoa kinachoweza kumtambulisha:

"Mbukwa dokta. Mimi ni dereva wa fuso, umri wangu miaka 38. Napakia mahindi hapa sokoni Kibaigwa, napeleka Dar mara mbili kwa wiki. Mwaka jana nilipata ajali, utingo wangu akafariki palepale. Tangu hapo silali vizuri, sina hamu ya chakula wala ya watu, na nikikaribia ile sehemu mikono inatoka jasho. Mke wangu akanilazimisha kwenda hospitali. Wakasema ni sonona na kiwewe cha ajali, nikaandikiwa amitriptilini, vidonge viwili vya miligramu 25, nimeze saa nne usiku. Sasa ni wiki ya tano. Shida ni kwamba safari zangu zinaanza saa tisa usiku, na nikiwa nimemeza macho yanakuwa mazito mpaka Morogoro. Kwa hiyo siku za safari naruka. Usingizi ukigoma namezea diazepamu moja, naipata duka la dawa. Dar jioni nakunywa bia mbili za kuondoa mawazo. Je, niache dawa au niache usukani? Na tajiri wangu nimwambie? Akijua natibiwa akili ataniondoa kwenye gari."

Mbukwa, ndugu yangu dereva. Pole kwa msiba wa utingo wako. Nauita msiba kwa sababu barua yako imeugusa kwa sentensi moja tu, kisha ikakimbilia kwenye vidonge. Tutaurudia.

Jibu langu kwanza, maelezo baadaye. Dawa usiiache. Usukani uuweke pembeni kwa wiki mbili hivi, uwe nyumbani, umeze dozi yako kila siku bila kuruka hata moja, halafu uonane na aliyekuandikia kabla hujapanda tena kwenye fuso. Na kuna vitu viwili umevitaja juujuu bila kuviuliza, diazepamu na bia. Hivyo ndivyo vinavyonitisha kuliko hiyo amitriptilini unayoilaumu.

Tuanze na saa, maana hapa saa zenyewe zimekusaliti. Amitriptilini ukiimeza haifanyi kazi papo hapo. Inapita tumboni taratibu, na kiwango chake katika damu hufika kileleni kati ya saa nne na nane baada ya kumeza. Wewe unameza saa nne usiku. Saa tisa unawasha gari. Hesabu kwa vidole: ni saa tano kamili. Umeondoka Kibaigwa wakati dawa iko kileleni kabisa, na unapopita Gairo bado iko hukohuko. Halafu mwili huchukua kati ya saa 10 na 28, kutegemea mtu na mtu, kuondoa nusu yake tu. Ndiyo maana uzito wa macho unakusindikiza hadi Morogoro. Aliyekuandikia saa nne usiku alimfikiria mtu anayelala mpaka kumi na mbili asubuhi, na naona hukumwambia ratiba yako. Simlaumu sana, wala sikulaumu wewe. Chumba cha kliniki huwa na foleni nje na kila mtu ana haraka. Lakini swali la "unafanya kazi gani na unaamka saa ngapi" lilitakiwa liulizwe kabla kalamu haijagusa karatasi.

Sasa hilo la kuruka dozi siku za safari. Naelewa ulivyofikiri: siku ya gari, bila dawa, siku ya kupumzika, na dawa. Ni hesabu ya mtu makini. Kwa bahati mbaya dawa hii haihesabiki hivyo.

Ubongo una kemikali iitwayo histamini, na kazi yake mojawapo ni kutuweka macho. Amitriptilini inaziba milango ya histamini, na kule kuziba ndiko kunakoleta usingizi. Mwili lakini si mjinga. Ukiipata dawa kila siku, ndani ya wiki moja hadi mbili unaizoea, na usingizi ule mzito hupungua sana kwa watu wengi, wakati faida ya dawa kwenye huzuni ndiyo kwanza inaanza kujengeka. Faida yenyewe huchukua wiki mbili mpaka sita. Wewe umeimeza siku mbili, ukaruka, ukameza tatu, ukaruka. Mwili haujapata nafasi ya kuzoea. Unaniambia uko wiki ya tano, mimi nakuona bado uko wiki ya kwanza, na umekuwa ukiirudia wiki hiyohiyo mara tano. Kila dozi kwako ni kama ya kwanza: usingizi wote unaupata, nafuu yote unaikosa. Zaidi ya hapo, kuikatisha ghafla huleta kichwa kuuma, kichefuchefu, wasiwasi na usingizi kukimbia. Nadhani hapo ndipo diazepamu ilipoingilia.

Kabla sijaifikia hiyo, niwape kisa changu, msije mkadhani nahubiri tu.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa natoka Singida na gari langu dogo, mafua yamenibana. Manyoni nikasimama duka la dawa, nikanunua Piriton, nikameza viwili na kushushia chai ya rangi. Mimi huyu, mtu ninayewaandikia watu dawa za kulalia kila siku. Mteremko wa Saranda niliushuka vizuri, gia sahihi, breki kidogo kidogo. Kintinku nikapita. Kuanzia pale barabara inanyooka kuelekea Bahi, na sikumbuki nilikuwa nafikiria nini. Nilichokuja kusikia ni kokoto zikigonga chini ya gari upande wa kushoto. Tairi mbili zilikuwa zimeshaacha lami. Mbele yangu, hatua chache, kulikuwa na mtu anasukuma baiskeli yenye mkaa. Nilirudi barabarani, nikasimama baada ya kama nusu kilomita, nikakaa na mikono yangu ikitetemeka juu ya usukani.

Kilichonisumbua baadaye si kokoto zile. Ni kwamba sikuwa nimejisikia usingizi. Mtu angeniuliza dakika moja kabla, ningemjibu niko sawa. Piriton nayo inaziba histamini, kama amitriptilini, na hii jamii ya dawa ina ujanja mmoja: inapunguza umakini, na umakini huohuo ndio ambao ungekuambia kwamba umakini umepungua. Kwa hiyo dereva anaposema "mimi najijua, nikizidiwa nasimama," huwa namuuliza atajijua kwa kutumia kitu gani.

Waholanzi walilitafutia dawa tatizo hili tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hawakumuuliza dereva anajisikiaje. Walimweka kwenye gari lenye breki mbili, mwalimu pembeni, kamera juu ya paa inayotazama mstari wa barabara, wakamwambia aendeshe kilomita 100 kwenye barabara kuu ya kawaida, mwendo wa kilomita 95 kwa saa, akae katikati ya njia yake basi. Kamera ilikuwa inapima kitu kimoja: gari linayumba sentimita ngapi kushoto na kulia. Mtu mzima asiye na kitu anayumba kidogo, ni kawaida. Mtu mwenye pombe ya kiwango ambacho nchi nyingi za Ulaya zimekiweka kuwa kikomo anaongeza kama sentimita mbili na nusu. Unaweza kuzidharau sentimita hizo. Ni upana wa vidole viwili. Lakini zile ni wastani, na gari linaloyumba zaidi kwa wastani ndilo siku moja linalotoka kabisa.

Walipowapa watu amitriptilini, dozi ya kwanza iliwayumbisha kama walevi. Baada ya kuimeza mfululizo, kuyumba kukapungua hadi karibu na kawaida. Diazepamu haikufanya hivyo. Watu waliokuwa wakiitumia kila siku waliendelea kuyumba wiki baada ya wiki, hata pale wao wenyewe walipodhani wameshazoea.

Basi tuje kwenye diazepamu. Unaimeza usiku mmoja na kudhani asubuhi imekwisha. Haijaisha. Mwili huihitaji siku moja hadi mbili kuondoa nusu yake, na inapovunjwavunjwa inaacha mabaki ambayo nayo ni dawa inayolewesha, na mabaki hayo hukaa siku kadhaa zaidi. Kidonge cha Jumatatu usiku bado kimo ndani yako Alhamisi alfajiri. Ukiongeza kingine Jumatano, vinapandana. Halafu Dar jioni bia mbili juu yake, na amitriptilini kama ni siku yako ya kumeza. Vyote vitatu vinavuta upande mmoja. Si kwamba unajumlisha moja na moja unapata mbili. Kwa mchanganyiko huu unaweza kupata tano. Na ukizidisha siku moja kwa hasira au huzuni, kinachozimika si umakini tu, hata pumzi inaweza kulegea.

Diazepamu ni dawa ya cheti. Anayekuuzia bila cheti anakufanyia biashara tu. Ila nikuonye hapa: kama umekuwa ukiimeza karibu kila siku kwa wiki nyingi, usiikate leo kwa hamaki baada ya kusoma haya. Kuikata ghafla kunaweza kuleta degedege hata kwa mtu ambaye hajawahi kuanguka. Mweleze daktari ukweli wa idadi, hata kama unaona aibu, akupangie kushuka taratibu. Kama ni kimoja kimoja cha siku za safari tu, kama nilivyoelewa, hicho kiache leo.

Umeandika "macho mazito". Kuna jambo jingine la macho ambalo hukulitaja, labda hukuliunganisha. Amitriptilini hupanua mboni na kulegeza misuli inayosaidia jicho kuona karibu. Usiku, mboni iliyopanuka inaingiza mwanga mwingi. Lori likija mbele yako na taa kubwa, unapofuka kwa sekunde ndefu zaidi kuliko mwenzako, halafu ukishusha macho kutazama mshale wa spidi tarakimu zimefifia. Kama umeona taa za usiku zinakuchoma kuliko zamani, ndiyo hiyo. Mwambie daktari. Na kama kuna mtu kwenye ukoo wenu ana presha ya macho, hilo ni la kusema mapema zaidi, maana dawa hii inaweza kuichochea.

Mtu anaweza kuniuliza: sasa si bora aache dawa zote, abaki na huzuni yake, aendeshe akiwa na akili timamu?

Hapo ndipo watu wengi hujidanganya, na baadhi ya matajiri wa magari nao. Sonona yenyewe inaendesha vibaya. Mtu mwenye sonona anafikiri polepole, na mguu wake unachelewa kufika kwenye breki. Ukiwa kilomita 80 kwa saa, ambayo ndiyo mwisho wa gari lako kisheria, unakata mita 22 kila sekunde. Ukichelewa nusu sekunde tu umeongeza mita 11, urefu wa fuso zima na ziada, kabla breki haijaguswa. Na usingizi uliokosekana una bei yake. Mwaka 1997 watafiti wawili wa Australia walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo anafanya kazi kama aliyekunywa hadi kile kiwango cha Ulaya nilichokitaja. Wewe ukikosa usingizi usiku wa Jumatatu, ukaamka, ukapakia mahindi mchana kutwa, ukaondoka saa tisa usiku bila kulala, umeshazipita saa 17 kabla hujafika hata Gairo. Ukisinzia sekunde nne tu, gari limekwenda mita 89 bila dereva. Kahawa, vinywaji vya kuongeza nguvu, mirungi, vyote vinakukopesha tu. Na mkopo wa mirungi unadaiwa ghafla, mara nyingi mchana kwenye jua.

Kiwewe nacho kina namna yake. Unaposema mikono inatoka jasho ukikaribia ile sehemu, najua kuna mengine hukuyaandika. Wengi huniambia wanafunga breki kwa kivuli cha mti. Wengine wanashika katikati ya barabara kukwepa upande ilipotokea ajali. Mmoja aliniambia hufumba macho. Nilimuuliza sekunde ngapi, akasema hajui, kwa sababu amefumba.

Kwa hilo vidonge peke yake havitoshi. Kuna tiba ya mazungumzo, na kwa kiwewe cha ajali inafanya kazi vizuri. Unasimulia siku ile mwanzo hadi mwisho mbele ya mtu aliyefunzwa kusikiliza, mara nyingi kiasi kwamba picha inaanza kuchakaa. Baadaye unarudishwa sehemu ile kwa ngazi: kwanza kwa picha, kisha mchana ukiwa abiria wa kawaida kwenye basi, umekaa dirishani, kisha gari dogo, kisha kazi yako. Kuruka ngazi ndiko ulikokuwa ukifanya tangu mwaka jana, mara mbili kwa wiki, usiku, na tani za mahindi mgongoni. Hiyo haikuwa tiba. Ulikuwa unakichokonoa kidonda. Na kama hujawahi kwenda kwa wazazi wa utingo wako, au ulikwenda ukashindwa kukaa, hilo nalo lipeleke kwenye mazungumzo. Ndipo niliposema tutaurudia msiba.

Kuna swali namuuliza kila anayekaa mbele yangu na sonona, na kwako siwezi kulikwepa kwa sababu umeshika usukani. Je, umewahi kufikiria kuligeuza gari makusudi, kwenye korongo au mbele ya lori? Kulifikiria hakukufanyi kichaa, na ukilisema hakuna atakayekufunga kamba. Lakini kama jibu ni ndiyo, hata mara moja, hata kwa kupita tu, ufunguo wa gari umpe mke wako leo hii, umwambie kwa nini, na mwende hospitali pamoja. Hilo halisubiri wiki mbili nilizozitaja.

Sasa utakaporudi kliniki, haya ndiyo ya kuzungumza. Saa ya kumeza inaweza kusogezwa, kwa mfano saa moja jioni, ili kilele kikukute kitandani. Dozi inaweza kupandishwa taratibu zaidi. Au dawa inaweza kubadilishwa: fluoksetini, kwa mfano, kwa kawaida hailaleshi, humezwa asubuhi na bei yake si ya kutisha. Nayo ina visa vyake. Siku za mwanzo inaweza kuleta wasiwasi na kukufanya uchelewe kulala, kwa hiyo wiki mbili za kutoendesha ziko palepale. Usiianzishe mwenyewe juu ya amitriptilini ukidhani unasaidia. Fluoksetini huzuia ini lisiivunje amitriptilini, ikajaa kwenye damu hadi kiwango cha hatari, hata kwa moyo. Mwambie pia daktari kama kwenye ajali ulijigonga kichwa. Amitriptilini hurahisisha degedege kwa ubongo uliowahi kuumia, na hilo hubadilisha uchaguzi wote.

Ukisharuhusiwa, usirudi moja kwa moja kwenye safari ya Dar. Anza na Kibaigwa kwenda Dodoma, mchana, gari tupu. Utingo wako mpya mpe karatasi na kalamu. Kila tairi la kushoto likikanyaga mstari wa pembeni, apige alama. Kila ukifunga breki bila sababu anayoiona yeye, apige alama nyingine. Ni kamera ya Waholanzi ya kwetu, haina cheti cha kisayansi, lakini naiamini kuliko "najisikia vizuri". Siku ya pili rudia. Alama zikiongezeka kuelekea mwisho wa safari, bado. Na mpe ruhusa kabisa, mbele ya mkeo kama inabidi, ya kukuambia simama, nawe usimame bila kumgombeza.

Na tajiri. Kusema kweli hapa ndipo ninapokuwa na maneno machache ya kufariji. Dodoma tuna hospitali ya akili ya Mirembe tangu 1927, imetibu watu kutoka nchi nzima, na shukrani tuliyoipa ni kuligeuza jina lake kuwa tusi. Mtoto akikosea njia sokoni utasikia, "huyu katoroka Mirembe." Kwa hiyo hofu yako si ya kufikirika.

Lakini tajiri hahitaji kujua jina la ugonjwa. Anahitaji kujua kwamba kwa wiki mbili hufai kuendesha. Muombe daktari akuandikie ED, ile karatasi ya kupumzishwa kazi, inayosema hivyo, kwa sababu za kiafya, basi. Akiamua kutotaja ugonjwa hajavunja chochote, ni siri yako. Kama una ajira, hata ya maneno tu, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Najua wengi wenu mnalipwa kwa tripu na mkataba hamjawahi kuuona. Basi mjibu kwa lugha yake. Mwambie wiki mbili za dereva wa akiba ni nafuu kuliko fuso lililolala Gairo na mahindi yamemwagika. Polisi nao, wakikukuta umelewa dawa, hawatauliza uliandikiwa na nani. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 inakataza kuendesha ukiwa umezidiwa na pombe au dawa hadi huwezi kulimudu gari, na dawa ya hospitali bado ni dawa.

Uingereza, kwa kulinganisha, mtu aliyepata mchafuko wa akili wa ghafla huzuiwa kuendesha gari dogo mpaka awe ametulia kwa miezi mitatu, lakini dereva wa lori au basi husubiri miezi 12. Ugonjwa ni uleule, tofauti ni uzito wa gari na muda linaokaa barabarani. Ufaransa nao wameweka pembetatu za rangi kwenye maboksi ya dawa, njano, chungwa na nyekundu, hata asiyejua kusoma anaelewa kuna onyo kuhusu usukani. Maboksi mengi yanayofika kwetu yana maandishi madogo kama wadudu, kwa lugha ya kigeni, na ndani karatasi iliyokunjwa mara nane. Natamani siku moja mfamasia wa Kibaigwa awe na stika nyekundu tu, na ujasiri wa kuibandika.

Kwa wasomaji wengine ambao barua hii imewagusa kwa pembeni: wanaotumia kabamazepini, dawa ya kifafa, waangalie kama taa mbili za gari linalokuja zimekuwa nne, hiyo ni dozi imezidi. Kloropromazini, dawa ya mchafuko wa akili, inashusha presha ukisimama ghafla, hivyo kuruka kutoka kwenye kabini ya lori kunaweza kukuangusha chini. Walioanzishiwa haloperidoli, nayo ya mchafuko wa akili, wasikilize hili kwa makini. Kijana mmoja wa bodaboda alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya chumba changu, siku ya tatu tangu aanze. Alikuwa anaongea na jirani yake vizuri tu. Nikaona shingo inavutwa nyuma polepole, kama mtu anayetazama ndege, halafu macho yakapanda juu mpaka weusi wote ukapotea, yakabaki meupe. Akili yake ilikuwa sawa, aliita "dokta, dokta", ila macho yaligoma kushuka. Sindano ikamrudisha ndani ya nusu saa. Alipofungua kiganja, alikuwa ameshika ufunguo wa pikipiki. Alikuwa amekuja nayo kutoka Chang'ombe ya hapa Dodoma, dakika ishirini kabla.

Nawe ndugu yangu, siku ya kliniki beba vitu hivi kwenye mfuko mmoja: pakiti ya amitriptilini na vidonge vilivyobaki, ili wahesabu wenyewe umeruka mara ngapi, pakiti ya diazepamu, hata kama imebaki tupu, na karatasi yenye ratiba yako ya wiki, saa ya kulala, saa ya kuondoka, saa ya kufika. Mama watoto aingie na wewe ndani, maana yeye ndiye anayejua unavyolala. Ukiona foleni ya Kibaigwa ni ndefu au hakuna mtaalamu wa akili siku hiyo, panda basi, njoo pale Jenerali, hospitali ya mkoa ya Dodoma, au Mirembe kwenyewe. Gari liache nyumbani.